Nani Atashika Tiketi za Mishahara

Nakuru, Jumamosi, mwezi wa saba, 1956

Baridi ya leo ni ya kutukanwa. Ukungu umekalia mji mpaka saa nne, na mimi nimeshinda na hasira nisiyojua nimtupie nani. Kwa hivyo pokea wewe, daftari.

Mume wangu Zakayo haoni vizuri tena.

Haya, nimeandika. Miezi mitatu nimelizunguka neno hili kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tangu aache ukarani wa relwe, Zakayo ndiye anayeshika mishahara ya hii bekari yangu ya mikate. Tuna watu saba, kila mmoja na tiketi yake ya siku thelathini. Jioni mimi nataja waliokuja kazini, yeye anaweka alama kwenye tiketi. Siku thelathini zikijaa, mwenye tiketi analipwa, hata kama ni katikati ya mwezi.

Juma lililopita ndipo nilipogundua kwamba Trufena, anayekanda unga, amefanya kazi siku thelathini na nne bila kulipwa. Tiketi imejaa zamani, na Zakayo anaweka alama juu ya alama. Trufena alijua, akanyamaza. Nilipomuuliza akasema hangeweza kumwaibisha mzee. Kumbe wenzake walikuwa wakimkopesha unga wa ugali ili mzee asijue. Nilimlipa saa ileile, kisha nikaenda kulia stoo, nyuma ya magunia.

Jumatano nikavaa viatu vya kanisa nikaenda mjini, bila kumwambia Zakayo. Kuna bwana mmoja, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa, anawafanyia wenye biashara ndogo kazi ya mishahara. Ana taipu, ana bahasha zenye majina, na bei yake si mbaya. Sharti lake moja tu: tiketi ziondoke, watu wote walipwe siku moja, mwisho wa mwezi. Mimi nilipendezwa, nusura nitie sahihi palepale.

Kusema kweli, nilipendezwa kwa sababu bwana yule angemwambia Zakayo badala yangu. Ndiyo hivyo. Mimi mwoga.

Leo asubuhi Zakayo alikuwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, nikapata nafasi ya kuwaeleza wafanyakazi. Nilidhani watafurahia bahasha. Wakatazamana. Trufena akapangusa mikono kwenye aproni, akasema:

"Mama, tukilipwa siku moja, tutaishiwa siku moja. Sasa hivi mimi nikikosa unga, kuna mwenzangu ambaye tiketi yake imejaa."

Miaka sita nawaajiri hawa watu, na sikujua wanavyokula.

Basi bwana wa bahasha nimemwacha na bahasha zake. Trufena amesoma misheni na mwandiko wake unapita wangu mbali, kwa hivyo yeye ndiye atakayeshika kalamu. Hilo lilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumwambia aliyeishika.

Nilimwambia mchana, baada ya chakula, na nilimwambia vibaya, mbio mbio, nikiokota vyombo ili nisimtazame. Nikamwambia mpaka ile safari ya mjini. Zakayo akavua miwani yake, ile ambayo siku hizi haimsaidii kitu, akaifuta polepole kwa pindo la shati. Nikajiandaa kwa hasira. Ningeistahili.

"Nimejua tangu Pasaka," akasema. "Niliogopa nikiweka kalamu chini, hutakuwa tena na sababu ya kukaa na mimi jioni."

Daftari, mimi ni mwanamke wa mdomo. Wanaoniletea unga wananiogopa, hata mchungaji ananipita kwa mbali. Lakini hapo nilisimama na sahani mkononi, nikiifuta na kuifuta.

Miaka yote hiyo mimi nilidhani tunafanya kazi ya mishahara.

Nampenda mzee huyu mpaka inaniudhi. Jumanne nampeleka hospitali aangaliwe macho, atake asitake. Na Jumatatu jioni Trufena atachukua tiketi za wote akaziandikie dirishani, kwenye mwanga. Mimi nitakaa mezani na mume wangu, mikono mitupu. Anayetaka mkate saa hiyo angoje.