Binti Yangu Huvua Kinga Nilizomshonea

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tuelewane mapema kwamba mimi si mtu wa kuomba, kwa kawaida ndiye ninayeombwa. Mimi ni fundi wa makochi, na sisemi hivyo kama wanavyosema hawa vijana wanaogongelea vitambaa kwa stapla halafu ukikalia mara mbili kochi linatema sponji, mimi nikikushonea kochi utalirithisha. Shule niliiacha njiani, sikatai, lakini dunia nimeisoma, nimefanya kazi melini, nimekula meza moja na watu ambao lugha zao hata wenyewe hawaelewani vizuri, nimeshona kiti cha daktari wa meno mpaka akaja kulalamika kwamba wagonjwa wake wanasinzia mdomo wazi. Nayasema haya si kwa kujisifu, ni ili ujue unayemshauri ana uzito gani.

Nina binti, kitinda mimba wetu, namwita Mama kwa sababu amechukua jina la mama yangu, na sura, na ukali pia. Anacheza mpira wa magongo timu ya shule na yeye ndiye kipa, sasa kama hujawahi kuuona ule mchezo nikueleze, kile kimpira ni kigumu kama jiwe, na watoto wa watu wanakipiga kwa magongo kwa nguvu zao zote kumwelekea mwanangu, na yeye badala ya kukimbia kama mtu mwenye akili zake anakifuata. Alipopewa nafasi hiyo akaja kuniambia anahitaji vifaa vyake mwenyewe, kinga za miguu, kinga za kuvaa juu ya viatu, ya kifua, glavu na kofia ngumu yenye wavu usoni, na mwalimu wao wa michezo akatuelekeza duka. Nikaenda peke yangu, nikazishika zile kinga, nikazibonyeza, nikamwambia muuzaji, "Ndugu yangu, mbona hii ni sponji." Akasema, "Ni sponji maalumu, mzee." Nikacheka mpaka mteja mwingine akageuka. Mimi, mshauri, nikanunue sponji kwa mtu, si ni sawa na samaki kununua maji? Pesa ninayo, tusioneane huruma ya bure, tatizo halikuwa pesa, lilikuwa heshima. Nikanunua kofia tu, maana chuma si fani yangu, nikachukua ya saizi kubwa ili akue nayo, nikarudi karakana.

Nikamshonea. Ngozi bandia nyekundu iliyoiva, kamba ya urembo pembeni, mikanda iliyopigwa mshono mara tatu, na ndani nikaweka ile sponji laini kabisa ninayowawekea wateja wangu wazee wenye migongo mibovu, kwa sababu niliwaza, mshauri, huyu ni mwanangu, mawe yatamgonga, acha yamgonge kwenye mto. Alipovaa akawa kama sofa la mtu mmoja lenye macho. Nikampiga picha, nikaitundika karakana juu ya cherehani, na kila mteja aliyeingia nilimwambia siku si nyingi nitaanza kuuza vifaa vya michezo, na wengine wakaniambia niwawekee oda.

Mechi ya kwanza nilikwenda. Mpira ukaja, ukagonga kinga zangu, ukadondoka pale pale miguuni pake ukatulia kama mgeni aliyepata kiti, na wale wasichana wa upande wa pili wakaja wakausukuma ndani. Ukaja mwingine, hivyo hivyo. Mimi nikajua kosa ni la mabeki, nikawapigia kelele, nikawaambia wamesimama kama nguo kwenye kamba, mpaka mwalimu wao akanisogelea akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, naomba urudi nyuma kidogo, hawa ni watoto wa watu." Tangu hapo Mama akawa ananiambia, "Baba, usihangaike kuja, ni mechi za kirafiki tu," na akirudi nikimuuliza kinga zimekwendaje anasema, "Zimenikaa vizuri sana, baba," na mimi roho kwatu.

Sasa juzi nilikuwa nampelekea mteja kochi, nyumba yake imepakana na ule uwanja, dereva akaegesha pikapu nyuma ya stoo ya vifaa. Nikasikia sauti ya mwanangu. Nikachungulia, nikamwona amekaa chini, anafungua mikanda yangu mmoja mmoja, anazipanga kinga kwenye begi taratibu, amezifunika na taulo zisipate vumbi. Kisha akaanza kuvaa zile kuukuu za shule, zimepasuka, ya mguu mmoja imefungwa kwa kamba ya kiatu, ya kifua inampwaya. Nikainama nyuma ya kochi. Dereva akaniuliza, "Bosi, tunamkimbia nani?" Nikamwambia nyamaza.

Mwenzake, beki, akamuuliza, "Wewe nawe, kila siku unabeba mzigo wa kuja kuuvua. Za mzee wako zina shida gani?"

"Hazina shida. Ila mpira ukizigonga hauruki, unalala hapo hapo."

"Basi mwambie."

"Nikimwambia atazifumua zote azishone upya, na zitakuwa laini vile vile. Baba yangu hajui kushona kitu kigumu. Yeye anashona vitu vya watu kupumzikia."

"Haya, utakufa na huruma zako."

"Nivutie huo mkanda, acha maneno."

Mshauri, nimewahi kutukanwa na nahodha wa meli kwa lugha tatu bila kupumua na nilikula chakula changu nikalala, lakini haya maneno ambayo wala si matusi yameninyima chakula na usingizi. Nilibaki pale nikatazama, na kweli, mpira ukigonga zile kuukuu unaruka unakwenda mbali, na mwanangu ni kipa hasa, anaruka kama paka aliyemwagiwa maji. Lakini nikaona pia mpira mmoja unampiga pale kinga ilipopasuka, akainama, akasimama akichechemea, na ile kofia niliyomnunulia imegeuka upande, anatazama kupitia tundu la sikio. Nikakumbuka alisema paja lina alama kwa sababu aliteleza bafuni.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza mke wangu, ambaye ni muuguzi na ndiye anayemkanda, "Ulijua?" Akasema, "Kila mtu anajua, hata msoma mita ya maji." Nikasema, "Na hamkuniambia." Akasema, "Tukuambie wewe, baba watoto, tangu lini unaambilika?" Akaendelea kukunja nguo.

Sasa shida yenyewe ni hii. Wiki mbili zijazo kuna mechi ya kuchagua timu ya wilaya, wachaguzi watakuwepo, na mimi nilikwisha kumwahidi kwamba nitakuja, nitakaa mbele, na nimekwisha kata ngozi ya kinga mpya nene zaidi za siku hiyo. Nikienda, najua atavaa zangu mbele yangu kwa heshima, na watamfunga, na hatachaguliwa. Nisipoenda ataona baba yake hajali. Nikimwambia nimeona, nitamvunjia siri yake, na nikinunua za duka, nitaiweka wapi sura yangu na wale niliowaahidi oda. Mke wangu anasema nikuandikie wewe kwa sababu wewe angalau siwezi kukukatiza unapozungumza. Nifanye nini?

Ni mimi, Fundi wa Kukalisha Watu.


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, mimi nyumbani nina kochi linalotema sponji, kwa hiyo nimeanza kuisoma barua yako nikiwa upande wako. Nilipofika kwenye oda za wateja nikauhama.

Nianze na pole. Kusikia mtoto wako anakusema vizuri nyuma yako na bado ukaumia ni jambo gumu, na wewe umelibeba bila kumfokea mtu, hongera. Sasa kaa sawa, maana hiyo ndiyo pole yote niliyokuandalia.

Unasema kinga zako hazikufaa kazi. Hilo ni kosa dogo, fundi yeyote hukosea kitu asichokijua, na muuzaji alikuambia ni sponji maalumu ukamcheka. Kosa kubwa ni kwamba nyumba yako imejaa watu wanaokupenda na hakuna hata mmoja anayeweza kukuambia neno. Mwanao anaumia paja halafu anatunga habari ya bafu. Mkeo anamkanda na kunyamaza. Mtoto hakuzaliwa mwongo, ndugu yangu, wewe ndiye uliyeifanya kweli iwe nzito kuliko lile begi.

Na lile begi hebu tulitazame. Binti anatoka nyumbani na mzigo asiouhitaji, anaubeba mpaka uwanjani, anaufunika na taulo, anarudi nao. Wapo wazazi wangetoa karakana yao na cherehani juu ili wapendwe nusu ya hivyo. Wewe unauliza utaiweka wapi sura yako. Iweke mfukoni, itakaa.

Sasa sikiliza, na kwa kuwa huwezi kunikatiza nitakwenda moja kwa moja. Leo hii, si kesho, mwambie umemwona. Usimwite sebuleni kama mshtakiwa, usianze na habari za meli. Mkiwa mnafanya kitu kingine, mwambie hivi: "Mama, nilikuwa nyuma ya stoo, nilikuona, na umecheza vizuri. Twende tukanunue zinazorusha mpira." Halafu nyamaza. Ataogopa, huenda atalia, atasema zako ni nzuri. Usikubali sifa hiyo, na usimlazimishe kuomba msamaha, maana hana deni kwako.

Mwende dukani pamoja naye, na mwalimu wake akiwa na nafasi mumwombe awasindikize. Mtoto avae kila kitu mwilini mwake pale pale dukani, apige magoti, asogee kushoto na kulia, arushe teke. Kinga ya mguu ikizunguka, si yake. Ya juu ya kiatu ikicheza, si yake. Kofia ajaribu kutikisa kichwa kama anayekukatalia jambo, na ikibaki nyuma wakati kichwa kimegeuka, irudisheni rafuni. Na hapa nakukemea kwa jina la kazi yako: saizi kubwa ili akue nayo ni habari ya sare ya shule. Mpira hausubiri mtoto akue. Ile kofia kubwa mpe mwenye kichwa chake. Wewe kazi yako dukani ni moja, kutoa pesa uliyoniambia unayo. Usibonyeze kitu, usimfundishe muuzaji, na mkifika nyumbani mkasi wako usiguse mshono hata mmoja eti unaurekebisha.

Fanyeni hivyo wiki hii. Kinga mpya ni kama viatu vipya, mwili unazikataa kwanza, kwa hiyo afanye nazo mazoezi kabla wachaguzi hawajaja. Ukimpa asubuhi ya mechi ili iwe zawadi ya kushtukiza, utakuwa umemfunga bao kabla ya wapinzani.

Wateja waambie ukweli kwa sentensi moja: "Sitauza vifaa vya michezo, nimejaribu, havikufaa." Utashangaa. Mtu anayekiri kwamba kitu fulani hakiwezi huaminika zaidi akisema kingine anakiweza, na makochi yako hakuna aliyeyalalamikia ila daktari wa meno. Picha iache ukutani, mtoto amependeza. Ile ngozi uliyokwisha kuikata mshonee begi jipya lenye mikanda mipana ya mabegani, maana hilo unalijua, na huyo binti mgongo umefanya kazi. Na kama mikono bado inakuwasha, bila shaka mwalimu hana mtu wa kushona mikanda iliyokatika kwenye vifaa vya shule. Nenda ukamuulize, kwa adabu, na umwombe radhi pia kwa wale mabeki.

Mkeo mshukuru. Usimuulize kwa nini hakukuambia, alishakujibu. Mara moja tu akikuambia jambo usilolipenda, sema "sawa," uone kama dari itaanguka.

Siku ya mechi nenda. Kaa mbele kama ulivyoahidi, mahali atakapokuona akigeuka, na mdomo ubaki nyumbani ukilinda karakana. Atakutazama mara moja kabla hawajaanza, nakuhakikishia, kuona uso wako umekaaje. Hakikisha umekaa vizuri. Kisha mpira ukija ukagonga kinga yake ukaruka kwenda mbali, piga makofi kama wazazi wengine, kama mtu ambaye hakuwahi kushona chochote.