Mifupa ya Mama Yako

Ambohimanjaka, 9 Agosti 1987

Kwako mwanangu Voahirana,

Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kwa baridi hii.

Wiki iliyopita ukoo ulifungua kaburi, ukaitoa mifupa ya wazee wetu kuivika sanda mpya za hariri, kama ilivyo desturi. Nilikwenda na kanzu yangu nyeupe ya wahudumu wa uamsho kanisani, nikakaa pembeni kuwaombea, kama kawaida yangu. Kila mtu alikuwa amempakata marehemu wake. Shangazi yako Ranoro alimpakata bibi yako, akawa anamsimulia habari za ng'ombe, huku anacheka na kulia. Kisha akanigeukia: "Na mkeo, kaka, umemlaza wapi?"

Nikamjibu lile nililokuandikia miaka sita iliyopita, mama yako alipofia kwako huko pwani: azikwe huko huko, kwao ni mbinguni, si kwenye mawe yetu. Akasema, "Haya, ipakate hiyo mbingu yako." Watu wakacheka. Mwanangu, mikono yangu ilikuwa mitupu, na tangu siku hiyo nikiomba naona naongea peke yangu. Namtaka mama yako. Mfukue, umlete, nami nikifa nilazwe kando yake.

Baba yako

Belo, 30 Agosti 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mdogo alikuwa na homa, amepona. Kifua je? Kunywa maji ya ukoko wa wali yakiwa moto.

Baba, nilikwenda. Makaburi ya kanisa tulikomzika mama hayapo. Masika ya mwaka juzi mto ulikula ukingo wote ule, ukaondoka na misalaba na waliolala chini yake. Mlinzi alishangaa kwamba sikujua. Wenzangu waliwahi kuwafukua watu wao maji yalipokaribia. Mimi sikuwa nimekanyaga huko tangu maziko, kwa sababu ulinifundisha kaburi ni udongo tu. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo.

Sasa hatuna pa kumtafuta ila mbinguni. Niandikie tena kama ulivyoniandikia wakati ule, kwamba yuko huko na anatungoja.

Binti yako

Belo, 4 Novemba 1987

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Sijapata jibu lako. Usiandike mengi kama unaumwa. Sema tu kwamba yuko.

Binti yako

Ambohimanjaka, 20 Desemba 1987

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili nilizipata. Wajane wengi nimewaandikia maneno unayoniomba, na yalikuwa yakija yenyewe. Kwako hayaji. Mbingu naitamani kuliko nilivyowahi kuitamani, lakini sijui tena kama ipo, na wewe siwezi kukudanganya.

Kanzu nimeirudisha kanisani. Mchungaji ameniambia nivumilie, imani hurudi. Huenda. Ila kifua kimezidi, na sidhani kama nitakuwepo ikirudi.

Nimemwambia Ranoro nisiingizwe kwenye kaburi la ukoo. Analia, anasema nimewakataa mara ya pili. Lakini huu mto wetu wa Mania ndio unaoteremka hadi kwenu. Nimeomba nizikwe ukingoni kabisa, pale maji yanapokula udongo. Kama yupo wa kutukusanya, atatukuta pamoja. Kama hayupo, basi nitakuwa nimemfuata mama yako hadi alikofika.

Baba yako