Mguu Mmoja Umevimba

Jumatatu, 3 Machi

Mteja mmoja leo. Mmoja! Fundi cherehani wa ghorofa ya chini, na bega lake lile lile la kulia. Yeye wala hahitaji simu kunipata, anapanda ngazi tu.

Binti yangu alipotoka shule alinikuta nafagia chumba ambacho hakijakanyagwa. Akachukua simu, akaandika "masaji karibu nami". Akatokea yule ninayemwita Jirani wa Mishumaa. Picha tisa, nyota tano. Nikateremsha kidole, nikateremsha — saluni, jimu, mpaka duka la magodoro. Mimi simo. Miaka kumi na mmoja nakanda watu kwenye chumba hiki na duka la magodoro limenipita!

Jirani kafungua ng'ambo ya barabara miezi mitatu iliyopita. Anawasha mishumaa, anaweka sauti ya maji yanayotiririka, anapaka watu mafuta. Msuli unapoanzia hajui, unapoishia hajui. Wateja wanamsifu kwamba wanapata usingizi pale. Kwani kwa kinyozi watu hawasinzii?

Juzi mwenye nyumba aliniuliza kama nitaendelea na chumba baada ya mwezi huu, maana kuna mtu anakitaka. Kauliza kwa upole mno. Angefoka ningejua la kujibu. Siku zote nimesema kizuri chajiuza. Haya, kimekaa, hakiuziki.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu kasema nimwite mdogo wake. Yaani shemeji yangu, Injinia. Si injinia wa kitu chochote, jina kajipa mwenyewe tangu aanze kutengenezea watu kurasa za mtandaoni. Mama mkwe anasema ana kipaji. Ana miaka thelathini na minne na kipaji bado kiko njiani.

Kaja, kafungua kompyuta juu ya kitanda changu cha masaji — bila kutandika kitu! — halafu akacheka. Kumbe kwenye ramani nimo. Alama yangu iko mtaa wa nyuma, kwa mafundi wa kuchomelea. Namba ya simu ni ile iliyopotea mwaka juzi. Saa za kazi: imefungwa. Nani kaniwekea hivyo? Mimi mwenyewe, siku niliponunua simu mpya nikawa nabonyeza "ndiyo" kila ilichouliza. Mafundi wamemwambia Injinia kuwa huwa wanapata watu wenye migongo, wanawaeleza tu kwamba pale wanatengeneza mageti.

Karekebisha. Jina moja, namba moja, mahali pamoja, kila panapoandikwa pafanane. Hilo nakubali, ni akili. Kisha akaniuliza huwa najiandikaje. Nikamwambia: Ukandaji tiba wa misuli na viungo.

"Shemeji, mtu mwenye maumivu haandiki hivyo. Anaandika mgongo unaniuma nifanyeje. Tumia maneno wanayotafuta wao, si jina unalojiita wewe."

Imeniudhi kwa sababu ni kweli.

Neno la siri kaweka la kwake. Nilipouliza, kasema nisijali.

Ijumaa, 7 Machi

Injinia anataka orodha ya matatizo ya watu, kwa maneno yao wenyewe, aandikie ukurasa. Anaitaka sasa hivi! Nina mtu kitandani, mikono ina mafuta mpaka viwikoni, na simu inalia kama mtoto. Basi nikapiga picha karatasi niliyobandika juu ya sinki. Ni mwandiko wangu, nimeandika mwaka wa kwanza, maneno ya wateja kama walivyoyatamka. Simu iliteleza kidogo. Picha ikaenda. Nikarudi kwenye bega.

Kajibu: "Safi sana." Yeye kila kitu kwake safi sana.

Jumatano, 12 Machi

Watatu wapya! Wawili mgongo, mmoja shingo. Wamenikuta kwa ramani tu, alama kutoka kwenye mageti imerudi nyumbani.

Nimewaomba maoni, kama Injinia alivyonifundisha: omba mtu akiwa bado anavaa viatu, akifika kwake kasahau. Dereva wa lori kaandika, "Mkono mzito, lakini shingo imegeuka." Nyota nne. Nne! Shingo imegeuka, kisha nyota moja kaniwekea akiba ya nini? Nimeudhika mchana kutwa. Injinia anasema nyota nne zinaaminika kuliko tano.

Mama mkwe naye kaniwekea tano. "Mkwe wangu ana tabia njema na anapika vizuri." Injinia kamwomba aifute, kwamba ndugu wakijaa mle mtandao unashtuka na kukushusha. Mama kanuna. Kanuna kwa nani? Kwangu!

Ukurasa uko hewani tangu jana. Sijausoma. Simu yangu inaufungua kwa kujivuta, Injinia kaweka picha kubwa mno, nimemwambia azipunguze. Nitausoma kesho.

Jumatatu, 17 Machi

Sikuusoma.

Saa mbili asubuhi kaja mwalimu wa hesabu, ana homa, meno yanagongana. Anataka akandwe. Nikamwambia aende hospitali. Saa nne kaja fundi bomba aliyeanguka jana, kifundo kimevimba kimekuwa cha bluu. Hospitali, upigwe picha. Wote wawili jibu moja: lakini mmeandika.

Tumeandika wapi? Fundi bomba akanyoosha simu yake. Jina langu. Namba yangu. Mahali penyewe hasa, bila kukosea hata mlango. Na chini yake: "Una homa na mwili unauma? Tunakanda. Umeanguka jana? Tunakanda. Mguu mmoja umevimba na una joto? Usihangaike. Tunakanda."

Nimekaa kwenye kiti cha wateja.

Mama aliyenifunza kazi alituambia hili siku ya kwanza, kabla hatujaruhusiwa kugusa mafuta. Ukikuta kigimbi kimoja kimevimba na kina joto, weka mikono yako nyuma ya mgongo. Huenda damu imeganda ndani. Ukikanda unaisukuma, inapanda mpaka kifuani, na mtu anakufia kitandani ukiwa unamuuliza kama mkono ni mzito. Ndiyo maana nauliza maswali kabla ya shuka. Ndiyo tofauti yangu na mishumaa!

Nimempigia Injinia. Nimepayuka mpaka fundi cherehani kazima mashine chini kusikiliza. Injinia akangoja nimalize, akasema, "Shemeji, si wewe uliyenitumia hayo?"

Nimemkatia simu. Jeuri gani hii.

Jumanne, 18 Machi

Nimeitazama picha niliyomtumia.

Karatasi ina nusu mbili. Juu nimeandika NINAOWAKANDA. Chini, NISIOWAKANDA — HOSPITALI. Picha ina nusu ya chini peke yake, na pale penye kichwa cha habari pana dole gumba langu. Linaonekana vizuri kabisa, linang'aa mafuta.

Mimi.

Lakini! Mtu mzima anaandika kwamba mguu wenye moto unakandwa, hashtuki, haulizi? Swali moja tu? Kazi ya watu haichezewi kwa sababu picha imekatika.

Nimempigia tena, kwa sauti ya kistaarabu safari hii. Futa. Kasema atafuta, ila nimsikilize kwanza. Ukurasa umepanda. Mtu akiandika mguu wake umevimba, mimi ndiye wa kwanza mji mzima, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweka maneno hayo. Bila shaka hakuna. Wengine wana akili zao! Halafu mtandao ukishakuona una maana kwa jambo moja, anasema, unakubeba na kwa mengine, ndiyo maana wa mgongo wameongezeka. Ukifuta leo unashuka na huko pia. Wanaokuja na miguu niwarudishe tu, si nawarudisha? Angalau mpaka Ijumaa, atakuwa ameandika ukurasa mwingine wa kuziba pengo.

Nimekitazama chumba. Kitanda, sinki, dirisha. Miaka kumi na mmoja.

Naandika ukweli maana daftari hili halisomwi na mtu. Nilisema, "Haya, mpaka Ijumaa."

Alhamisi, 20 Machi

Wanne wa mgongo. Wanne kwa siku moja! Chumba kimenukia mafuta mpaka jioni, vidole vimechoka ile namna ya raha. Mwenye nyumba nimemwambia naendelea. Wawili nimewarudisha, mmoja homa, mmoja mguu, nikawaandikia jina la hospitali kwenye karatasi. Nikajiona mtu mwema.

Saa kumi nikafungua dirisha. Yule mama wa mguu anavuka barabara. Haendi kituo cha basi. Anaingia kwa Jirani wa Mishumaa, karatasi yangu mkononi.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi narudisha watu. Jirani harudishi mtu. Mimi ndiye ninayewaita kutoka kote mjini, kisha nawafungulia mlango wa kwenda kwake!

Nimeshuka ngazi bila viatu. Nikamkuta yule mama amekaa tu, anakunywa maji, hajaguswa. Nikamshika mkono, nikamtafutia gari, nikamwona anapanda. Kisha nikamgeukia Jirani. Nikamwambia yote ya moyoni: mishumaa, mafuta, kutojua kwake, mtu angekufa hapa. Aliniletea maji na mimi.

"Dada, nikuulize kitu. Mimi sijaandika popote kwamba natibu mguu. Wewe umeandika. Nimesoma."

Nimerudi juu. Hasira ya mtu mwenye haki ina mahali pa kwenda. Hii yangu haina.

Nimempigia Injinia mara sita. Futa sasa, si kesho. Hapokei. Mume wangu anasema yuko kwenye semina, simu wameweka mezani. Anawafundisha watu namna ya kupatikana!

Ijumaa, 21 Machi

Niko hospitali. Benchi la korido, daftari juu ya goti.

Saa tatu alikuja mpishi wa shule, mwanamke wa umri wangu, bado kavaa aproni. Mguu wa kushoto. Alisafiri kwa basi kutwa nzima Jumapili, kesho yake kigimbi kikaanza kuuma. Nimekigusa kwa mgongo wa mkono tu. Moto. Nikamwambia hospitali, sasa hivi.

Akaniangalia kama mtu aliyetaniwa. "Nilikuwa naenda huko Jumanne. Nilishavaa. Nikasoma kwamba wewe unakanda, nikaona afadhali ningoje ruhusa kazini nije kwako."

Jumanne.

Jumanne mimi nilikuwa kwenye simu nasema haya, mpaka Ijumaa.

Sikumwandikia karatasi. Nimefunga mlango, nikamshusha ngazi moja moja, tukapanda teksi. Njiani kaanza kuhema. Kasema ni zile ngazi zako, dada, nyingi. Nilimwambia aendelee kuongea, akanieleza jinsi ya kupikia watoto mia nne bila kuunguza sufuria. Hapa walipomwona wakaleta kiti cha magurudumu, hata jina hawakuuliza kwanza. Muuguzi akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema dada yake. Akauliza kama kuna aliyeukanda mguu ule. Nikasema hapana. Akaandika.

Hajaniambia lolote tangu hapo. Mlango una kioo cha ukungu, naona vivuli tu.

Injinia hapokei. Nimejaribu kuingia mwenyewe nifute. Simu inaniomba neno la siri. Jina langu, namba yangu, chumba changu, dole gumba langu — na siwezi kufuta hata herufi moja! Nimejaribu jina la mama mkwe. Nimejaribu jina la binti yangu. Nimejaribu "safi sana".

Saa tano kasoro umeingia ujumbe kutoka huko huko mtandaoni. Hongera. Wiki hii watu mia mbili na kumi wameufungua ukurasa wako. Nimehesabu waliofika kitandani kwangu: kumi na saba. Hao wengine wako wapi? Wamelala na miguu yao wakingoja ruhusa kazini?

Saa tano na robo. Ujumbe mwingine, namba siijui.

"Habari. Tumefika mlangoni, pamefungwa. Ni mama yangu, mguu wake umevimba kama mlivyoandika. Jirani yako wa ng'ambo anasema tuingie kwake."

Tuingie kwake kukaa, au kufanya nini? Hakuandika.

Naipigia namba hiyo. Inaita.

Daktari ametoka, anauliza ndugu wa mpishi ni nani. Nimenyoosha mkono wenye kalamu. Inaita bado.