Wingu Limetoka Juu ya Zizi Letu

Papa,

Lile wingu limetoka.

Unalikumbuka? Ulipokuwa unateremka Uvira na jibini zako, ulikuwa unakuja kunikuta kazini, kwenye kiduka cha Mama Hadija hapa Kasenga tunakotoa fotokopi. Unavuta kiti karibu na kioo cha ordinateri, unaweka fimbo katikati ya magoti, unasema, "Nionyeshe nyumbani." Nakufungulia ramani, ile inayoonyesha dunia nzima kwa picha za satelite. Uvira yote ilikuwa safi. Tuliona mitumbwi iliyovutwa ufukweni, malori yamepanga foleni mpakani Kavimvira, mashamba ya mpunga ya Sange yamekatwa vipande vipande. Halafu nikisukuma ramani kupanda milima, kwetu, picha inavurugika. Kijani kichafu kama kitambaa cha kufutia meza, na juu yake wingu moja jeupe. Mwaka ule wingu, mwaka uliofuata wingu lile lile, halijasogea hata kidogo. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Hata satelite inaogopa kupanda mulima!" Kisha ukaacha kucheka, ukasema, "Ni heri. Muntu asiyeonekana hanyang'anywi ng'ombe."

Sasa limetoka, na hakuna aliyetutangazia. Jumanne moja asubuhi nilikuwa namtafutia mteja barabara, nikasukuma ramani kupita kiasi, na pale penye wingu nikaona paa. Kumbe zile picha safi zilikuwa zinapanda kidogo kidogo kutoka bondeni miaka yote hii, na sasa zimefika kwetu. Niliona njia inayokwenda kijitoni, imejipinda pale kwenye mwamba. Niliona duara la zizi. Niliona ng'ombe, Papa! Vidoa vidogo, kama mtama uliomwagika sakafuni. Nilipiga kelele, yule mteja akadhani nimeshikwa na umeme.

Sikuaga mtu. Nilichukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka Kavimvira, kwenye chumba tunachopanga na Mama tangu aliposhuka, nikaingia bila hodi. "Mama, nyumba iko! Nyumba iko, na ng'ombe ziko!" Chini ya picha palikuwa pameandikwa mwaka huu tulio nao, na mimi uliyenisomesha kwa maziwa ya ng'ombe hao hao, niliamini.

Hakulia, Papa. Alisimama, akafunga kitenge upya, akaenda nyuma ya mlango kuchukua fimbo yako. Ndicho kitu pekee alichoshuka nacho. Jumatatu ya wiki iliyofuata wanawake wa chumvi walikuwa wapande tena. Unawajua, wale wanaobeba chumvi na sabuni mgongoni mpaka juu, risasi zikilia wanalala chini, zikinyamaza wanaendelea. Mama akasema anaenda nao. Anaenda kukuwekea mawe.

Sijui kama unajua ulivyozikwa. Mimi mwenyewe sikuwepo, nilikuwa huku chini. Wanasema kifua kilikushinda alfajiri, na asubuhi hiyo hiyo kijiji kizima kilikuwa kinakimbia. Mama na Baba mdogo walikuchimbia katikati ya zizi, kwenye udongo laini. Kisha wakafanya kama wazee walivyofanya wakati wa vita: wakaingiza ng'ombe wote, wakawazungusha juu yako, wakawazungusha, mpaka ardhi ikawa sawa na ardhi nyingine, ili asije mtu mbaya akajua kuna maiti hapo. Hakuna jiwe, hakuna msalaba. Waliimba wimbo mmoja wa kanisani kwa sauti ya chini. Wakawaacha ng'ombe watawanyike, maana kwenye njia ya kukimbilia wasingepita, na wao wenyewe wakaondoka. Tangu siku hiyo Mama ana wimbo wake mwingine, anauimba akipika, akifua, akiosha vyombo: "Baba yako analala chini ya kwato, hana hata jiwe."

Basi unaelewa kwa nini aliamini haraka. Moyoni mwake siku zote ng'ombe walikuwa wamerudi. "Ng'ombe anajua kwabo," anasema. "Siyo kama muntu."

Jumatano nilirudi kazini nikafungua tena, nishibe. Nikatembea kwenye picha kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, nikifurahi peke yangu kama kichaa. Nikafika kanisani. Paa la kanisa lilikuwa linang'aa, zima kabisa. Maana wote walioshuka baada ya Mama wamesema kitu kimoja: kanisa liliungua. Waliona moshi wakiwa upande wa pili wa bonde.

Nikamwita Mama Hadija. Unamjua yule, babu zake walifanya biashara ziwa lote hili, yeye hadanganywi na kitu kilichoandikwa. Akaangalia, akaniambia nirudishe ramani hapa Kasenga. "Ona duka langu. Iko na paa gani?" Paa lenye kutu. Lile alilolitoa zamani, sisi wote tukihamisha makaratasi kwa mvua. "Mwaka wa pale chini ni wa wenye ramani, mwanangu, wanaubadilisha kila mwaka. Picha ni ya siku yake." Nilikaa chini nikashika kichwa.

Sasa nenda kamwambie Mama! Papa, weye ndiye uliyejua kusema naye, mimi ulimi wangu unajulikana. Nilimwambia picha ni ya zamani, akaniangalia kama mtu wa ofisi ya forodha. "Jana ilikuwa mupya, leo imekuwa ya zamani?" Nikamtajia kanisa. "Walijenga." Nani alijenga, Mama, wakati hakuna mtu? "Weye unataka kunifunga hapa." Nikapaza sauti, akapaza sauti, jirani akagonga ukuta. Alhamisi aliamka kabla yangu. Alichemsha mihogo ya safari, akashona mkanda wa mzigo. Ijumaa, Mungu anisamehe, nilificha viatu vyake vya plastiki chini ya kitanda. Alivipata. Alivivaa akashinda navyo ndani ya nyumba mpaka jua likazama. Mimi nilikuwa na hasira na woga siku nzima, sikujua kipi ni kipi. Njia ile inaua watu wenye miguu mizima, na yeye goti lake unalijua. Nimekupoteza weye bila kukuona. Yeye nisingeweza.

Jumamosi nikamwambia, twende uone kwa macho yako, ukitaka kupanda baada ya hapo nitakubebea mzigo mpaka mwisho wa barabara. Alikuja na fimbo. Mama Hadija alimwachia kiti chake mwenyewe, akafunga mlango, akawaambia wateja rezo imekatika, mtandao hakuna.

Mwanzoni hakuona kitu. Hakuwahi kuona kwetu kutoka juu, nani alipaona hivyo isipokuwa kunguru? Nikamwonyesha kijito. Kutoka kijitoni akashika njia mwenyewe, kidole chake kikipanda polepole kwenye kioo kana kwamba kinachoka, kikapinda kwenye mwamba, kikaingia zizini. Hapo akanigeukia na uso wa ushindi. "Ona! Ona ng'ombe! Nilikuambia nini?" Ng'ombe walikuwepo.

Akasogeza uso karibu zaidi. Kando ya nyumba, mbali na wengine, palikuwa na kidoa kimoja cheupe. Nilikiona Jumanne, nikadhani ni jiwe au nguo iliyoanikwa. Mama alikifunika kwa kidole, akakifunua. Mkono wake ukaanza kuteremka kwenye fimbo.

"Gitare," akasema.

Gitare wako, Papa. Mweupe peke yake katika kundi zima. Yule aliyeumia kwato, ukamtenga na wenzake ukamfunga kando ya nyumba ili umwoshe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na Mama akawa anasema unamtunza kuliko yeye. Yule aliyeteleza bondeni akafa msimu wa mvua, kabla hatujajua habari ya kukimbia. Ulikataa kula nyama yake. Gitare hawezi kurudi nyumbani, hata kama ng'ombe wote wa dunia wanajua kwao.

Nilingoja Mama alie, au anitukane. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo: "Kama Gitare iko pale, basi baba yako iko ndani?"

Nilisema ndiyo. Ndani, au nyuma ya nyumba, au unachota maji ya moto. Wakati huo nilikuwa natafuta kaburi lako kwenye zizi, natafuta alama yoyote, hata udongo wa rangi nyingine. Mama akaweka kidole katikati kabisa. "Ni hapa." Chini ya kidole chake ng'ombe walikuwa wamesimama wanacheua, na ardhi haijaguswa na jembe. Halikuwepo kaburi, Papa. Siku hiyo ulikuwa mzima.

Mama akainama mbele ya paa letu, mbele ya kile kipande cha bati kisichozidi ukucha, akasema ile salamu yetu ya kutakiana mifugo, kama alivyokusalimu kila ulipotoka malishoni. "Amashyo." Akangoja. Papa, alingoja jibu! Mama Hadija akageukia ukuta. Nikajibu kwa niaba yako, kwa sauti iliyokatika katikati: "Amashyongore." Makundi, na yawe ya majike. Akaitikia kwa kichwa, akajifuta uso na kitenge, akasema twende nyumbani.

Jumatatu wanawake wa chumvi walipita mlangoni. Mama aliwapa mihogo yake ya safari, yote, akarudisha fimbo nyuma ya mlango. Ijumaa wakarudi. Hawakufika. Walisikia risasi mbele yao wakatupa mizigo wakateremka usiku na mchana, mmoja alikuwa na kiatu mguu mmoja. Mama aliwachotea maji ya kunawa miguu. Hakuniangalia, na mimi sikusema kitu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Sasa nina woga mwingine. Kila asubuhi kabla ya wateja nafungua ramani kwanza, namtafuta Gitare. Naogopa wakati ule picha inapokuwa bado haijatulia, yale mapande ya kijivu. Halafu anatokea, mweupe, kando ya nyumba, napumua. Lakini picha zinabadilishwa, Papa. Lile wingu liliondolewa bila mtu kutuuliza, na picha hii nayo itaondolewa. Nitafungua asubuhi moja nikute paa halipo, kanisa jeusi, zizi limeota majani. Nimeiweka hii kwenye simu yangu, na nimemtolea Mama nakala ya karatasi, ameitia ndani ya Biblia. Hata hivyo bado nafungua kila asubuhi.

Siku hiyo ikifika sitakimbia na habari kama nilivyokimbia. Nitafunga kazi, nitarudi kwa miguu polepole, nitakaa naye. Na njia ikitulia, hata kama goti lake limekwisha na itabidi nimbebe mgongoni kama gunia la chumvi, tutapanda. Ataingia zizini, atanionyesha mahali kwa mguu wake. Walikuficha vizuri, waliogopa uonekane. Mimi nakuahidi kinyume chake. Nitaokota mawe meupe ya kijitoni, nitapanga mengi, mapana kama Gitare, mpaka ile satelite yako inayoogopa kupanda mlima ikuone bila kutafuta.

Lala vizuri, Papa. Mama anakusalimu, ameshika ile karatasi.

Amashyo.

Binti yako