Mkono wa Emmett Saucier

Marlow Bend, 16 Juni 1986

Lyle,

Kabla sijakusalimu nijibu kwanza: nyinyi mnaoiendesha timu yetu ya besiboli kutoka ofisini huko Des Moines mna macho, au mna miwani tu? Mmemwachia Gunderson aende. Mdakaji pekee aliyejua kila mtupaji wetu anatupa vipi akiogopa na anatupa vipi akivimbiwa, mmemgawa kama sahani iliyozidi kabatini. Na aliyekuja badala yake anaudaka mpira kama mtu anayepokea kuku aliye hai.

Haya, hujambo? Connie hajambo, na mimba yake inaendeleaje? Mimi mzima. Magoti yanauma, lakini hiyo si habari.

Jana tumefungwa pointi kumi na moja kwa pointi moja. Ni mara ya kumi na nne mfululizo. Nilikuwa palepale pangu nyuma ya besi ya tatu, na mechi ilipokwisha nikakuta nimemaliza kufuma soksi nzima na sikumbuki nani alipiga nini. Zamani nilikuwa nikiwatukana waamuzi mpaka mchungaji anahama kiti. Siku hizi sina hata la kutukana. Na si mimi peke yangu. Watu hawazomei tena. Ikifika ngwe ya sita kati ya tisa wanakunja mablanketi yao na kuondoka kimya, utadhani wanatoka kumwona mgonjwa asiyewatambua.

Mlichotuletea ni mtu aliyevalishwa kifungo cha plastiki kikubwa kama meza, ati awachekeshe watoto. Haoni mbele. Jumapili alijikwaa besi ya kwanza akabiringika mpaka kwenye nyasi. Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikucheka, na kichekesho kilikuwepo.

Bosi wako Bwana Pruitt kaliambia gazeti kwamba jina la timu yetu, Vifungo, linaweza kubadilishwa kwa sababu halina maana. Mwambie kwamba bibi yako alitoboa vifungo kutoka magamba ya kombe za mtoni kiwandani miaka ishirini na tatu, na nusu ya wanaokaa kwenye yale majukwaa ni watoto wa waliotoboa vifungo. Mwambie hivyo, na usiseme kwa sauti ndogo.

Mchezaji ninayemlaza nyumbani kwangu mwaka huu anaitwa Emmett Saucier, mtupaji, miaka ishirini na mbili, katokea Louisiana. Ni wa kumi na mbili kulala chumba cha marehemu baba yako. Anaosha vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo wewe hukuliweza hata siku moja.

Bibi yako,
Vesta


Des Moines, 25 Juni 1986

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi wazima. Connie anakusalimu, daktari amesema atajifungua mwezi wa kumi.

Kuhusu Gunderson, naelewa hasira yako, lakini ana miaka thelathini na mitatu na magoti yake ni kama yako. Bwana Pruitt anajenga timu ya miaka mitatu ijayo, si ya mwaka huu. Tuna mashine hapa inayotoa takwimu za kila mchezaji, na nyingi zinaonyesha tuko kwenye njia nzuri, ingawa kwa macho haionekani.

Lile vazi la kifungo litatobolewa matundu zaidi ya kuonea.

Nimefurahi Emmett yuko kwako. Ndiye mtupaji bora tuliye naye, ofisi nzima inamtazama. Anakula vizuri? Analala?

Mjukuu wako,
Lyle


Marlow Bend, 13 Julai 1986

Mjukuu wangu Lyle,

Salamu nyingi kwako na kwa Connie. Mimi sijambo. Mahindi yameshapita kimo changu.

Kama kwa macho haionekani, basi haipo. Hilo nimekujibu, tuliache.

Nakuandikia jambo ambalo sisi hatuandiki. Unajua wanawake tunaowalaza wachezaji tuna sheria moja tu: kinachoonekana jikoni hakiendi kiwanjani. Norma wa nyumba ya pili aliwahi kukaa na mmoja aliyekuwa akilia kila asubuhi juu ya sahani ya mayai, miezi mitatu, na hakumwambia mtu mpaka msimu ukaisha. Mimi nimelaza kumi na mmoja kabla ya huyu na sijawahi kusema hata nani anakoroma.

Emmett anamimina kahawa kwa mkono wa kushoto. Anapaka siagi kwa kushoto. Mkono wake wa kutupa ni wa kulia, Lyle, ndio mnaomlipia. Wiki mbili zilizopita nilimkuta jikoni amepasha moto kile kigunia changu cha maharage makavu, amekilaza kwenye kiwiko, uso umemtoka jasho.

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

Akasema, "Mama Vesta, si kitu. Ni usiku tu unasumbua."

"Sasa ni saa nne asubuhi."

Akacheka kidogo. Halafu akasema, "Ukisema, nimekwisha. Watanirudisha nyumbani na watamleta mwingine kwa basi lilelile."

Nikamwambia sisemi. Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni, na nilimaanisha.

Lakini juzi kamaliza ngwe nane, akaja nyumbani akashindwa kuvua shati. Nilimvua mimi, kama mtoto. Kiwiko kilikuwa kimevimba kama chungwa, na kilikuwa cha moto. Na huyo meneja wenu mpya, wa tatu mwaka huu, anampanga tena Ijumaa.

Siiambii ofisi. Nakuambia wewe, mjukuu wangu niliyekulea. Mpumzishe mwezi mmoja. Sema mgongo, sema mafua, sema unachotaka, wewe ndiye uliyesoma. Asijue kama mimi nimesema. Hilo tu.

Bibi yako,
Vesta


Marlow Bend, 2 Agosti 1986

Lyle,

Hujambo? Connie hajambo? Mimi sijambo. Wiki tatu sijapata barua yako.

Tarehe 24 meneja alikuja mwenyewe hapa nyumbani, kofia kichwani, tukiwa tunakula. Akasimama mlangoni akasema, "Saucier, fungasha. Umebadilishwa, unakwenda Corbin Falls. Basi lako saa saba."

Emmett akabaki na uma mkononi. Halafu akatabasamu meno yote. Corbin Falls ni wa pili kwenye ligi. Akaniambia, "Mama Vesta, wamenitaka. Umesikia? Wao ndio wamenitaka."

Nilimfungia mikate mitatu yenye nyama ya nguruwe. Yeye akiwa juu anapakia nguo, meneja alikuwa anakula pai yangu bila kukaribishwa. Nikamuuliza, "Mmepewa nini badala yake?"

"Mpigaji. Mzuri, mzima kabisa."

"Na huyu si mzima?"

Akafuta mdomo. "Mama, karatasi inasema mzima. Mimi nasoma karatasi."

Basi liliondoka. Nilisimama kizingitini na taulo la vyombo. Nilidhani nitalia, au nitapiga kitu. Hakuna kilichokuja. Nikaenda kutazama nyanya, nikazifunga kamba mbili tatu, nikarudi. Jioni nikawasha redio, tukafungwa sita kwa bila, nikaizima.

Nakuuliza kwa upole, Lyle, na unajua mimi si mtu wa upole. Ile barua yangu uliisoma mwenyewe, au ulimsomea mtu?

Bibi yako


Des Moines, 10 Agosti 1986

Bibi,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nne.

Nilimwonyesha Bwana Pruitt. Nakuapia nilifikiri nafanya ulivyoniomba. Nilikwenda nikamwambia, "Huyu apumzike, nina habari kutoka nyumba anakolala." Akaomba kuiona barua. Akaisoma yote, kisha akauliza kama daktari wetu ameshamwona. Alikuwa amemwona mwezi wa sita. Karatasi ilikuwepo kwenye faili, inasema mshipa wa kiwiko umeanza kuchanika, apumzike wiki nane utapona wenyewe, la sivyo utakatika. Hakuna aliyeisoma kwa sababu tulikuwa tunasoma zile za mashine.

Nikasema, "Basi wiki nane."

Akasema, "Wiki nane msimu umekwisha. Leo mkono huu una bei. Ukikatikia kwetu hauna kitu. Nani mwingine anajua?"

Nikasema bibi yangu.

Akasema, "Safi. Mpigie simu mtu wa Corbin Falls."

Timu zikibadilishana wachezaji kuna fomu inayojazwa kuhusu afya. Niliijaza mimi. Niliandika mzima. Jina langu ndilo lililo chini, si la Bwana Pruitt.

Najua utaniambia nini. Lakini Bibi, nikifungua mdomo nafukuzwa siku hiyohiyo, na hakuna timu itakayomwajiri mtu aliyesema ya ofisini kwake. Mtoto anakuja mwezi wa kumi. Huenda mkono usiharibike. Wengine hawaharibiki. Corbin Falls wamempumzisha kidogo kwa sababu wana watupaji wengi.

Sijalala vizuri. Natoka kazini, nakaa kwenye gari, naangalia usukani tu.

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Lyle


Marlow Bend, 21 Agosti 1986, Alhamisi

Lyle,

Hujambo? Mwambie Connie asibebe vitu vizito. Mimi mzima.

Barua yako imekaa mezani siku saba. Nilikuwa naipita nikienda kuchota maji ya kahawa, naipita nikirudi. Sikukasirika. Nilingoja nikasirike, kama mtu anavyongoja chafya, haikuja. Kanisani Jumapili mama mmoja kaniuliza, "Yule mjukuu wako mkubwa wa timu anaendeleaje?" Miaka miwili nimekuwa nikimjibu mpaka anachoka kusikiliza. Safari hii nikasema, "Yupo."

Jumanne nilipiga simu Corbin Falls. Meneja wao alipokea. Nikamwambia mimi ni nani, na kwamba kiwiko cha Saucier kimechanika.

Akasema, "Wewe ni daktari, bibi?"

"Mimi ni mwenye nyumba aliyolala."

"Bibi, kila mchezaji niliye naye ana mwanamke mahali fulani anayemwonea huruma. Nina karatasi hapa, imesainiwa, inasema mzima."

"Aliyeisaini ni mjukuu wangu. Kadanganya."

Nikasikia anafunua karatasi. Kisha akasema, "Basi na aniambie yeye. Siwezi kumweka mtu nje kwa neno la mama wa nyumba. Mwenyewe nimemuuliza, anasema yuko tayari. Anatupa Jumapili, ngwe zote tisa kama ataweza."

Nikaomba niongee na Emmett. Alikuja kwenye simu amefurahi, akaniuliza nyanya zimeiva. Nikamwambia asitupe Jumapili.

"Mkono mzima, Mama Vesta."

"Unaniambia mimi niliyekuvua shati?"

Akashusha sauti. "Meneja kaniuliza mkono tena akinipa simu. Kabla yake ulimwambia nani?"

Ningeweza kumdanganya. Siku hizi inaonekana ni rahisi, mtu anachukua kalamu tu. Nikamwambia, "Nilimwambia mjukuu wangu aliye ofisini."

Nilimsikia akifunga mlango. Halafu akasema, "Kumbe hawakunitaka. Mlikuwa mnanitupa."

Hakusema nyinyi wa ofisini. Alituweka pamoja, mimi na wewe na Pruitt.

Nikamwambia apumzike wiki nane, kwamba daktari aliandika hivyo mwezi wa sita. Akasema, "Hakuna aliyenipa hiyo karatasi. Na nikienda leo kusema naumwa, watajua nilificha, watanirudisha Louisiana. Jumapili natupa. Ukikatika umekatika." Akaniaga kwa adabu, kama alivyofundishwa kwao, akaweka simu.

Mimi nimekosa, na sikutumi wewe ukanisafishie kosa langu. Nilivunja sheria niliyoishika kwa wachezaji wote kumi na mmoja, nikaivunja kwa sababu niliona damu ni damu. Hilo nitalibeba. Norma nimeshamwambia. Kasema hakuna mchezaji atakayekubali tena kulala kwangu, na ana haki.

Lakini Emmett haniamini tena, meneja wake haniamini, na kijana huyo hatajiokoa mwenyewe. Amebaki mtu mmoja ambaye neno lake lina uzito, na ndiye aliyeandika mzima. Unasema nisamehe. Sijui bado. Sisikii chochote upande huo, nakwambia ukweli. Unasema utafukuzwa. Utafukuzwa. Baba yako alifukuzwa kiwandani mara mbili na wewe ulikula kila siku. Timu hiyo nimeipenda tangu kabla baba yako hajazaliwa, na Jumamosi hii wakifungwa nitazima redio na kulala. Haina tena kitu cha kunifanyia wala mimi cha kuifanyia. Mkono wa yule kijana bado unaweza kupona. Ni hicho tu kilichobaki katika msimu huu mzima.

Barua hii anakuletea Norma mwenyewe kwa basi la kesho, akupe mkononi, kwa hiyo usiseme ilichelewa. Ijumaa hiyohiyo jioni, kabla hawajafunga ofisi, chukua ile karatasi ya daktari kwenye faili uiweke mfukoni. Jumamosi asubuhi, saa tatu kamili, mpigie meneja wa Corbin Falls. Anaitwa Ostrander, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Taja jina lako lote. Mwambie uliandika nini na ukweli ni upi, mwambie na nani alikuagiza. Kisha washa gari umpelekee karatasi hiyo mwenyewe, ni mwendo wa saa nne kwa gari, utafika mchana. Emmett akitaka kukupiga, simama hapo akupige, kwa mkono wa kushoto. Usinijibu barua hii. Piga simu.

Bibi yako,
Vesta Kroeger