Bibi Asiyezimwa

Jumatatu, 9 Machi

Limepatikana tundu kwenye kerneli — kile kiini cha mfumo kinachoamua nani aguse nini ndani ya kompyuta. Mwenye akaunti ndogo tu anaweza kujigeuza mkubwa wa seva nzima. Na hapa hospitali nani hana akaunti? Hadi mpishi wa kantini anayo, ya kuandikia menyu.

Kiraka cha kuliziba kimeshatoka. Ila kikiwekwa, lazima seva izimwe na iwashwe upya. Nikamwambia Bosi. Akanitazama kana kwamba nimemwambia amuuze mama yake. Seva anaiita Bibi. Hajaizima tangu aanze kazi, na kila mwaka anainunulia keki kwa kutozimika. Bibi hali, tunakula sisi.

Jumanne, 10 Machi

Mama kaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza. Akaanza na methali ya ufa na ukuta, nikamkatiza: anayekataa kuziba ni Bosi, si mimi.

Akauliza: majibu yangu ya vipimo yamo humo, mwanangu? Yamo. Akaacha kumenya viazi. Hata shangazi hajaambiwa yale, sembuse mtu baki. Naogopa kwa ajili yake.

Jumatano, 11 Machi

Bosi kasema Bibi ni mzee, matundu ya kileo hayamhusu. Uzee ungekuwa kinga, meno ya Bosi yangekuwa mazima.

Ijumaa, 13 Machi

Leo kaamua kunikomesha. Kapakua programu ya majaribio, ile ya kupenya tundu, akaingia kwa akaunti ya mpishi ili nione haitafanya kitu. Mwenye akili zake angeijaribia kompyuta ya akiba. Yeye? Juu ya Bibi mwenyewe, na majibu ya hospitali nzima yamo tumboni mwake!

Akaiendesha. Akaiuliza seva: mimi ni nani? Ikajibu: msimamizi mkuu.

Mpishi wa kantini kampita Bosi cheo. Nilikuwa na utani wa kunitosha hadi mwisho wa mwezi, lakini alivyonywea pale kitini, nikaumeza wote. Akasema tu, haya binti, weka kiraka.

Nimeweka. Mapokezi tumewaambia waandike kwa kalamu kwanza. Ikabaki kubonyeza kitufe kimoja, cha kuzima na kuwasha upya. Kidole cha Bosi juu yake, hakishuki.

Nikamwambia, "Bosi, muage Bibi basi, twende."

Hakucheka. Akasema taratibu kwamba keki zile hazikuwa za mapenzi. Aliyeisimika seva aliondoka bila kumwachia maelezo yoyote. Miaka yote hii hakuizima kwa kuwa hajui kama itaamka.

"Wewe si unajua kuiwasha?" akaniuliza. "Maana wiki nzima unanipigia kelele nizime."

Mimi! Najua kuzima. Kuamka kwake nilimwachia yeye, mwenye Bibi yake. Nikayafikiria majibu ya Mama, yaliyo wazi kwa yeyote hadi Bibi azimwe.

"Bonyeza, Bosi," nikasema.

Kabonyeza.

Skrini nyeusi. Naandika nimekaa sakafuni, daftari gotini, mikono ipate la kufanya. Feni za Bibi zinavuma, basi. Simu ya mapokezi inaita, inakatika, inaita tena. Bosi hatazami skrini. Ananitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua kumwamsha.