Ufunguo wa Sanduku la Baba Mkwe

Jumamosi, 7 Juni

...na bado sijamaliza kusema kuhusu mikono yake. Jana niliishia hapo hapo, usingizi ukanichukua. Mikono ya Lusajo ina vumbi la pumba hata akitoka kuoga. Wiki nzima yuko Ubaruku akinunua mchele viwandani, Jumamosi ananirudia hapa Ilomba, Mbeya, akinukia mpunga mpya. Manukato gani ya dukani yatashinda harufu ile? Leo tumetimiza wiki sita za ndoa. Wiki sita! Nimeziandika tena ili nizione.

Akiwa njiani kurudi hupitia Uyole kwa wazazi wake na kuniletea barua zangu. Leo mbili. Nimejaza fomu kabla hata ya kumwandalia chai, akacheka.

Niandike vizuri kazi hii, nisije nikaisahau uzeeni. Nimejitolea kwenye utafiti wa kupima huduma ya posta. Hakuna malipo. Natumiwa barua za majaribio, bahasha za kawaida kabisa, ndani karatasi yenye namba. Natoa taarifa kwa mratibu, Dada Neema, barua ilifika lini. Kila Jumatano nami natuma zangu kwa watu nisiowajua. Watumishi wa posta hawatakiwi kujua ni nani kati yetu anayewapima. Siri! Mimi, niliyeishia kidato cha nne, nina siri ya kikazi.

Wakati wa kujiandikisha waliniuliza anuani. Niliandika namba ya sanduku la ukoo wa mume wangu, chini ya jina langu jipya. Nililitazama jina lile kwa muda mrefu. Lilikuwa zuri.

Barua ya Iringa ina mhuri wa Jumatatu. Leo Jumamosi. Nimeandika: siku tano.

Jumatano, 11 Juni

Baridi kali. Majani ya viazi vya jirani yameungua kwa barafu. Nimevaa sweta la Lusajo mpaka mjini.

Posta nampenda mama mmoja, Mama Kisa. Asubuhi anapanga barua kwenye masanduku kule nyuma, baadaye anakaa dirishani. Leo kulikuwa na bibi mwenye kifurushi kilichofungwa vibaya. Mama Kisa alikifungua chote, akakifunga upya kwa kamba yake mwenyewe, huku foleni ikinung'unika. Hakupandisha sauti hata mara moja. Mhuri anaugonga kama fundi seremala, pigo moja, limekwisha. Ningekuwa sijaolewa ningeomba kazi pale, nikae karibu naye nijifunze.

Aliziangalia bahasha zangu tatu.

"Bibi harusi, kila Jumatano unamwandikia nani? Mwenye mali anajua?"

Nikasema anajua sana. Foleni nzima ikacheka. Nikatoka nimeiva uso.

Jumamosi, 14 Juni

Lusajo amerudi! Kilo kumi za mchele, kanga moja, barua moja. Kanga ya rangi ya machungwa. Amesema aliiona dukani Ubaruku akanikumbuka nikicheka. Nitamwambia nini Mungu kwa mume huyu?

Barua ni ya Iringa tena. Mhuri wa Jumatatu. Siku tano tena. Nimeandika.

Nilimuuliza kama baba yake ameniulizia. Akasema, "Ameuliza kama mchele unatosha." Si jibu la swali langu. Baba mkwe sijawahi kumwona uso. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemeshani. Kanisani kwao wengi wameiacha desturi hiyo. Yeye hajaiacha. Siku ya harusi alikaa benchi la mbele, nikamwona kisogo. Mpaka leo namjua kwa kisogo, kofia na kikohozi. Nyumbani kwetu Iringa hatukulelewa hivyo. Wanasema ni heshima. Naogopa hanipendi. Basi, nimeandika.

Jumanne, 17 Juni

Dada Neema amepiga simu. Amenisifu kwanza. Taarifa zangu zinafika kwa wakati, mwandiko wangu mzuri. Nilisimama wima jikoni kama niko mbele ya mkuu wa shule.

Kisha akasema njia ya Iringa kuja Mbeya ni mimi peke yangu ninayeipima, na tangu Mei kila barua inaonyesha siku tano. Taarifa ya mwezi uliopita imeshapelekwa. Wanaopanga barua Mbeya wameitwa kujieleza.

Nilijisikia mtu wa maana sana. Kwa nusu saa hivi.

Jumatano, 18 Juni

Siku mbaya. Niiandike upesi.

Mama Kisa hakunitania leo. Macho mekundu. Nilimuuliza, akasema wameitwa kwenye kikao, wanaambiwa wanalaza barua za Iringa, na anayezipanga ni yeye. Anaweza kuondolewa kwenye upangaji. Miaka kumi na tisa, akasema. "Mwanangu, gari la Iringa likiingia asubuhi, saa nne barua zote ziko masandukuni. Mimi nilaze barua? Nizifunike na shuka?"

Halafu akasema kwa mazoea tu, "Hata nyie, ipo moja ya Iringa kwenye sanduku la mzee wenu. Tangu jana. Itamngoja mwenyewe Ijumaa."

Nilianza kuhesabu siku kwa vidole.

Ijumaa. Baba mkwe huja mjini siku ya Ijumaa tu. Ndiye mwenye ufunguo. Ijumaa anafungua, Jumamosi Lusajo anazipitia Uyole, Jumamosi naandika siku tano. Barua ilitumwa juzi Iringa, jana ilikuwa Mbeya. Siku moja! Fomu inasema wazi: tarehe barua ilipofika sandukuni. Mimi nimekuwa nikiandika tarehe mume wangu alipofika nyumbani. Kila siku yangu ilihesabiwa kwa kurudi kwake. Mjinga wa mapenzi. Na mama wa watu analia kwa ajili hiyo.

Nimempigia Dada Neema nikiwa bado nje ya posta. Nimekiri yote. Akasema niandike maelezo kwa mkono, nisaini, niyatume, namba zangu zote za Iringa zifutwe. Na kama siwezi kufungua sanduku kila siku, nijiondoe.

Lusajo kwa simu: "Usilie, mama. Subiri nirudi Jumamosi, nitaongea na Mzee." Mpole jamani. Ila kosa si lake. Ufunguo ule hata yeye hajawahi kuushika.

Maelezo nimeyaandika mara mbili. Ya kwanza yalikuwa na visingizio vingi.

Alhamisi, 19 Juni

Nimetuma maelezo, kisha nimekwenda Uyole. Peke yangu. Nimejifunga kanga ya machungwa, kwa ujasiri.

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi. "Karibu, Mhehe wetu! Mbona siku isiyo yako?" Kikohozi kikasikika nyuma ya ukuta wa jiko. Baba mkwe alikuwa kule anakoweka kuni. Nilikaa nimegeukia upande mwingine, nikaeleza yote. Nilieleza kwa sauti kubwa.

Mama akasema, "Baba Lusajo, umesikia?"

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia," Mama akaniambia.

"Mama, mwambie Baba kwamba kosa ni langu, si lake."

"Anasema kosa ni lake yeye..."

"Mwambie mimi si kiziwi."

Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Mimi nilijiuma mdomo. Tuko hatua nne, ukuta katikati, na maneno yote yanapita kwa mtu anayecheka.

Baba akauliza kupitia Mama kama ni kweli yule mama wa posta ameitwa kwa sababu ya Ijumaa zake. Nikasema ni kwa sababu ya kalamu yangu. Kuni zikagongana. Nikaomba ufunguo. Nilisema, "Mwambie nitaulinda kama cheti cha ndoa."

Mama akaacha kumenya.

"Mwambie nitafikiri."

Njiani Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema ufunguo ule una zaidi ya miaka thelathini shingoni mwa Baba, hata akilala. Barua ya kuitwa kazini ilitoka kwenye sanduku lile. Ya kustaafu pia. Na majibu ya mitihani ya Lusajo. Ijumaa huvaa koti, huenda mjini, husoma gazeti kwenye ngazi za posta, hurudi. Ndiyo safari yake pekee.

Sikujua. Nimemwomba mzee Ijumaa zake.

Ijumaa, 20 Juni

Hakuna neno. Nimefua. Nimeungua kidole.

Jumamosi, 21 Juni

Lusajo aliingia bila mchele, bila salamu. Akanyoosha kiganja. Ufunguo, kwenye kamba ya katani iliyolainika kama utambi.

"Mimi ndiye kifungua mimba," akasema. "Sijawahi kuugusa. Ameniwekea mkononi, akasema, mpelekee mwenyewe. Umemfanya nini baba yangu?"

Nimeuvaa. Una baridi, kisha unapata joto. Lusajo ananitazama kama siku ya harusi. Namshukuru Mungu kwa watu wa nyumba hii, wanaoongea na wasioongea.

Jumatatu, 23 Juni

Nimefika posta kabla hawajafungua. Kufuli gumu, nikauzungusha ufunguo mara mbili.

Ndani bahasha moja. Mhuri wa hapa hapa Mbeya, wa Ijumaa. Mwandiko wa zamani, herufi zimelala upande. Jina langu lote, jipya na la zamani.

Alikuja Ijumaa yake ya mwisho, akaniandikia, akaitumbukiza, akaenda zake. Nimeisomea kwenye ngazi anakokaa. Nainakili hapa yote:

"Mkwe wangu. Nakusalimu. Nimelelewa nisikutazame wala nisikusemeshe, nawe usinione. Siku ya harusi niliona viatu vyako tu, nikajua mwanangu amepata mtu anayekanyaga polepole. Alhamisi nilikusikia ukikubali kosa bila kuzungukazunguka. Katika kazi niliwaona wanaume wengi walioshindwa hilo. Lishike sanduku. Sikufukuzi machoni pangu, nakupa heshima niliyonayo. Na barua haina macho, basi kwa barua tutaongea. Kufuli lina tabu, zungusha mara mbili. Gazeti utakaloninunulia usilisome kabla yangu. Baba yako."

Nimelia hadharani. Kumbe alikuwa ananipenda tangu viatu. Mlinzi aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni baba yangu.

Jumanne, 24 Juni

Baridi imepungua kidogo. Jua la asubuhi limefika mpaka kwenye ngazi.

Barua ya Iringa ilikuwepo. Mhuri wa jana. Nimeandika: siku moja. Nimeiandika kwa herufi nzuri kuliko zote.

Dada Neema amesema namba za zamani zimefutwa na ofisi ya Mbeya imejulishwa. Mama Kisa amebaki kwenye upangaji. Leo alinipigia kelele toka dirishani, "Bibi harusi! Kumbe kuna mtu alikosea hesabu. Nikimpata huyo, nitamgonga mhuri wa usoni!" Nikacheka naye. Siruhusiwi kumwambia. Iliniuma, lakini nilicheka. Nitamlipa kwa kuandika ukweli kila siku.

Nimemjibu Baba. Ukurasa mmoja. Nimeandika asante kwa lugha yake, ndaga fijo, nikampa habari za kufuli. Wakati wa kubandika stempu ndipo nilipogundua. Naiandikia namba ya sanduku lake. Mwenye ufunguo ni mimi. Barua yangu itafika kesho, nami nitaipokea.

Sikuichana. Nimeongeza mstari mmoja chini, nikaitumbukiza:

"Baba, barua hii nitaitoa sandukuni kwa mkono wangu, sitaifungua, na nitakuletea pamoja na gazeti lako kabla mwezi huu haujaisha. Nitakaa upande wangu wa ukuta."